Ugonjwa wa usingizi: kutoka sindano ya arseniki mpaka vidonge vya kumeza

Kwetu huku Mashariki, mtu akisema ugonjwa, mawazo yanaenda haraka kwa malaria, kolera, Ebola ao mpox. Ugonjwa wa usingizi, ule waganga wanauita trypano, wengi wanaufikiria kuwa jambo la Bandundu na Kasai, ao hadithi ya wazee wa wakati wa Wabelgiji. Si hivyo. Maniema upande wa Kasongo na Tanganyika upande wa Kongolo ziko ndani ya maeneo ambayo PNLTHA, programu ya taifa ya kupambana na ugonjwa huu, inayafuatilia tangu zamani. Tshopo upande wa Isangi vilevile, na Uele zote mbili.

Kuna sababu nyingine ya kuuzungumzia. Katika magonjwa yanayoharibu ubongo, ni machache ambayo dawa yake imebadilika sana hivi katika maisha ya mtu mmoja. Na kazi kubwa ya mabadiliko hayo ilifanyika ndani ya inchi yetu, na wagonjwa wetu, chini ya shirika ambalo halitafuti faida.

Mdudu anayeingia kichwani

Anayeleta ugonjwa ni mdudu mdogo sana, asiyeonekana kwa macho, anayeitwa trypanosoma. Anabebwa na mbung'o, yule nzi ambaye wengi wanamwita tu tsetse. Mbung'o wa kwetu anapenda kivuli cha miti kandokando ya mito, na anauma mchana. Kwa hiyo wanaoumwa zaidi ni mama anayeteka maji, mvuvi, mtu anayelima karibu na mto, na watoto wanaooga hapo.

Ugonjwa una hatua mbili. Kwanza mdudu anazunguka katika damu: homa inayokuja na kupotea, kichwa kuuma, viungo kuuma, kujikuna, tezi kuvimba nyuma ya shingo. Nani hatasema ni malaria? Mtu anakunywa dawa ya malaria, homa inapungua, anarudi shambani. Aina ya kwetu, gambiense, inaweza kukaa mwilini miezi mingi, hata miaka, bila kumwangusha mtu.

Kisha mdudu anaingia ndani ya ubongo, na hapo ndipo jina la usingizi linatokea. Saa za mwili zinageuka: mgonjwa analala mchana, hata mkono ukiwa ndani ya sahani ya fufu, na usiku macho yako wazi. Lakini usingizi hauji siku zote wa kwanza. Mara nyingi jamaa wanaona kwanza tabia. Baba aliyekuwa mpole anapiga watu. Mtoto mwerevu anarudi nyuma masomoni. Mwanamke anapoteza siku zake za mwezi, mwanaume anapoteza nguvu. Wengine wanaongea peke yao, wanatembea ovyo, wanatetemeka. Majirani wanasema « bamemuloga », na safari ya kwenda chumba cha maombi ao kwa mfumu inaanza, wakati mdudu anaendelea kula ubongo. Hatusemi watu wasiombe. Tunasema damu ipimwe kwanza, maana bila dawa, karibu kila anayefika hatua hiyo anakufa.

Miaka ya dawa iliyokuwa inaua

Dawa ya hatua ya pili iliyotumiwa kwa muda mrefu zaidi inaitwa melarsoprol. Ilianza kutumiwa mwaka wa 1949, na ndani yake mna arseniki, ile sumu inayojulikana. Ilikuwa inachomwa ndani ya mshipa, na wagonjwa walisema ni kama kuwekewa moto mwilini. Maji iliyochanganywa nayo yaliweza kuharibu sirenge za plastiki, kwa hiyo waganga walitafuta za kioo. Na jambo baya kuliko yote: karibu mgonjwa mmoja kati ya ishirini aliuawa na dawa yenyewe, si na ugonjwa. Muganga alikuwa anajua hayo kila asubuhi akijaza sirenge. Hakuwa na kitu kingine.

Pamoja na ubaya wa dawa hizo, kazi ya kutafuta wagonjwa kijiji kwa kijiji ilizaa matunda. Kufikia uhuru, Kongo ilikuwa inahesabu wagonjwa wapya kama elfu moja tu kwa mwaka. Halafu timu zilipungua, barabara ziliharibika, na mwaka wa 1990 ushirikiano na Ubelgiji, uliokuwa unalipia sehemu kubwa ya kazi hiyo, ukakatika. Mbung'o hakukatika. Mwaka wa 1998 inchi yetu ilihesabu wagonjwa zaidi ya 26,000, na hao ni wale tu waliopimwa, wakati vita vilikuwa vimefunga sehemu nyingi. Upande wa Mbuji-Mayi, melarsoprol ilikuwa imeanza pia kushindwa kuponyesha.

Na dawa nyingine je? Ilikuwepo, inaitwa eflornithine. Ilitafutwa kwa ajili ya kansa, ikaonekana inaweza kuamsha wagonjwa wa trypano waliokwisha kuzimia kabisa. Lakini katikati ya miaka ya 1990 kiwanda kikaacha kuitengeneza kwa ajili ya ugonjwa huu. Sababu haikuwa ya kisayansi. Wagonjwa wa Kongo, Sudani na Angola hawakuwa na pesa ya kununua, basi. Mwaka wa 2000, dawa ileile ilirudi sokoni Marekani ikiwa ndani ya krimu ya kuzuia nywele kuota usoni mwa wanawake. Hapo Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, na Shirika la Afya Duniani, OMS, walipiga kelele, na mwaka wa 2001 kampuni ya Aventis ilikubali kutoa dawa za trypano bure kupitia OMS. Kampuni hiyo baadaye iliingia ndani ya Sanofi, na zawadi hiyo inaendelea mpaka leo.

Msomaji ajiulize mwenyewe: kama krimu ile haingekuwepo, kelele zile zingesikilizwa haraka namna gani?

Shirika ambalo halihesabu wanunuzi

Kutokana na mambo kama hayo, mwaka wa 2003 lilianzishwa shirika linaloitwa DNDi, lenye makao Jeneva. Jina lake kwa Kiingereza linamaanisha mpango wa dawa za magonjwa yaliyoachwa. Walioliunda ni MSF, waliotumia sehemu ya pesa za Tuzo ya Nobel ya Amani ya 1999, pamoja na Institut Pasteur ya Ufaransa na taasisi za utafiti ao wizara za afya za Brazili, India, Malaysia na Kenya. Kwa upande wa Kenya ni KEMRI.

Namna yao ya kufanya kazi ni tofauti na ya kampuni. Kampuni inauliza: nani atanunua? Wao wanaanza na mgonjwa alipo. Kama mgonjwa yuko kijiji kisicho na umeme, siku mbili kwa mtumbwi kutoka hospitali, basi dawa isihitaji friji, isihitaji seromu, na muuguzi wa kituo aweze kuitoa. Pesa zinatoka kwa serikali za inchi mbalimbali na kwa mashirika ya wafadhili. Hawana viwanda, wanaunganisha maabara, vyuo vikuu na kampuni, kisha wanasimamia majaribio.

Hatua ya kwanza haikuwa dawa mpya. Walichanganya eflornithine na dawa nyingine ya kumeza, nifurtimox. Zamani eflornithine peke yake ilitaka seromu 56, kila saa sita, usiku na mchana, kwa siku 14. Mchanganyiko huo, unaoitwa NECT, ulishusha seromu mpaka 14 kwa siku saba, na vidonge vya siku kumi. Mwaka wa 2009 OMS iliuingiza katika orodha ya dawa za lazima, na arseniki ikaanza kuwekwa kando. Waganga waliofanya kazi wakati ule wanaujua uzito wa badiliko hilo.

Bado lakini ilikuwa seromu. Makarto ya dawa juu ya pikipiki, juu ya mtumbwi, mgonjwa kulazwa, jamaa kuacha shamba. Na kabla ya yote, ponksio: sindano ya mgongoni ya kutoa maji na kuangalia kama mdudu amefika kwenye ubongo. Watu wengi waliikimbia. Kuna vijiji ambako timu ikifika, vijana wanaingia porini.

Dawa iliyolala kwenye kabati

Mwaka wa 2005 watafiti wa DNDi walianza kufungua makabati ya zamani. Walikusanya mamia ya kemikali za jamii moja, zilizoachwa na kampuni na vyuo, na kuzijaribu dhidi ya trypanosoma katika maabara ya Basel, Uswisi. Moja ikang'aa: fexinidazole. Kampuni ya Hoechst ya Ujerumani ilikuwa imeitengeneza miaka ya 1970, ikaiacha miaka ya 1980. Hoechst ndiyo iliyokuja kuwa sehemu ya Aventis, kisha Sanofi. Yaani dawa ya kumeza ilikuwa imekaa ndani ya nyumba ileile, zaidi ya miaka ishirini, wakati watu wanachomwa arseniki.

DNDi na Sanofi walitia saini mwaka wa 2009. Majaribio kwa wagonjwa yalianza 2012, hapa Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati, yakiongozwa na Dk. Victor Kande, muganga Mkongomani aliyewahi kusimamia PNLTHA. Isangi ilikuwa kati ya vituo, na pia hospitali ya Dipumba huko Mbuji-Mayi, Masi-Manimba na sehemu nyingine. Kufanya utafiti wa kiwango cha dunia mahali kama hapo si mchezo: ilibidi kuweka paneli za jua, intaneti, vifaa vya maabara, kufundisha waganga na wauguzi. Kazi hiyo iliegemea mtandao wa inchi zenye ugonjwa ulioanzishwa Kinshasa mwaka wa 2005.

Jaribio kubwa lilikuwa na wagonjwa 394 wa hatua ya pili. Wawili kati ya watatu walipewa fexinidazole, mmoja NECT. Baada ya miezi 18, NECT ilikuwa imefaulu kwa asilimia 97.6, fexinidazole kwa asilimia 91.2. Msomaji makini atauliza: mbona mnasifu ile iliyo chini? Swali zuri. Jibu ni kwamba ile ya juu inaponyesha yule tu aliyefika hospitali na kukubali kulazwa. Dawa inayoweza kumezwa karibu na nyumbani inamfikia pia yule ambaye angebaki kijijini na kufa. Ila kwa mgonjwa ambaye ubongo umeshambuliwa sana, NECT inabaki chaguo la kwanza, na muganga akisema seromu, asipingwe.

Mwezi wa 11 mwaka wa 2018, shirika la dawa la Ulaya lilitoa maoni mazuri juu ya fexinidazole, na mwezi uliofuata Kongo ikaipa ruhusa. Tangu miongozo ya OMS ya mwaka wa 2019, mgonjwa asiye na dalili za ubongo kushambuliwa sana anaweza kutibiwa bila ponksio. Habari hiyo tungependa ifike hata kwa wale walioko porini wakikimbia sindano.

Inavyomezwa, na kwa nini chakula ni sehemu ya dawa

Dawa inachukua siku kumi, mara moja kwa siku. Mtu mwenye kilo 35 ao zaidi anameza vidonge vitatu kila siku kwa siku nne za kwanza, kisha viwili kila siku kwa siku sita. Mtoto wa kilo 20 mpaka chini ya 35 anameza viwili, kisha kimoja. Aliye chini ya miaka sita ao chini ya kilo 20 hapewi. Kuna dawa nyingine kwake.

Sharti kubwa ni chakula. Fexinidazole ikimezwa tumbo tupu, mwili unachukua kidogo tu, na mdudu anabaki. Kwa hiyo kila siku mgonjwa ale kwanza chakula cha kweli, na ameze mbele ya muuguzi ao mtu aliyefundishwa. Hapa ndipo msaada kwa mgonjwa unaacha kuwa neno la mkutano. Familia iliyokimbia vita, inayokula mara moja kwa siku, haiwezi kutimiza sharti hilo peke yake. Kituo kinachotoa vidonge bila kuuliza « leo umekula nini? » kinatibu nusu. Katika majaribio, wagonjwa walipewa chakula. Katika kazi ya kila siku, jambo hilo linategemea wafadhili, zoni ya afya, parokia, majirani, na kwa maoni yetu ndilo shimo kubwa linalobaki.

Dawa inaweza kuleta kutapika, kichwa kuuma, kizunguzungu, kukosa usingizi, mara nyingine tabia kubadilika. Ndiyo maana mgonjwa aliyeanza kuchanganyikiwa hatumwi nyumbani na pakiti yake. Anahitaji mtu wa kumlinda. Pombe hapana kabisa siku hizo. Kisha anafuatiliwa mpaka miezi 24, maana kuna ambao ugonjwa unarudi kwao.

Vipimo na dawa vya programu ni bure. Kinachomaliza familia ni njia, siku za kazi zilizopotea, na pesa zilizokwisha kutumika mahali pengine kabla ya kufika. Na kupona mdudu si kupona yote. Wengine wanabaki na mkono dhaifu, hasira za ghafla, akili nzito. Mtoto anarudi darasani miaka miwili nyuma ya wenzake. Mwanamke aliyeitwa mulozi anarudi kijiji kilekile. Kwa hao hakuna kidonge, na msaada uliopo ni mdogo: neno la muuguzi mbele ya chifu, mwalimu aliyeelezwa, reco wa kijiji anayepita kuuliza habari.

Namba ndogo, hatari nyingine

Tangu 2018, Afrika nzima inahesabu chini ya wagonjwa 1,000 wa ugonjwa huu kwa mwaka, na zaidi ya nusu wako Kongo. Majirani wetu Uganda na Rwanda walithibitishwa na OMS mwaka wa 2022 kuwa wamepunguza ugonjwa mpaka si tatizo tena la afya ya umma, Uganda kwa aina ya gambiense, Rwanda kwa ile ya Afrika ya Mashariki inayoitwa rhodesiense. Chad ilifuata mwaka wa 2024. OMS inataka maambukizi ya gambiense yakatike kabisa kufikia 2030. Aina ya rhodesiense inakimbia zaidi, inaua kwa wiki ao miezi. Tangu mwisho wa 2023 fexinidazole imepata kibali kwa hiyo pia, baada ya jaribio lililofanyika Malawi na Uganda.

Si dawa peke yake iliyoleta namba hizo. Timu za pikipiki zinapima damu kijiji kwa kijiji. Vitambaa vidogo vya rangi ya bluu, vyenye dawa, vinapangwa kando ya mito. Mbung'o anapenda rangi hiyo, anatua, anakufa. Na kwa kuwa jike la mbung'o linazaa mtoto mmoja mmoja, si mayai mia kama mbu, kuua wachache kunapunguza kizazi haraka. Ukiona kitambaa hicho mtoni, usikichukue kwa kushona.

Lakini tulikwisha kuwa na namba ndogo, wakati wa uhuru, na tunajua kilichofuata. Wagonjwa wakiwa wachache, muuguzi kijana anamaliza shule bila kuona hata mmoja. Mfadhili anahamia kwingine. Na kwetu, vita vinafunga njia: kule Uele, mashambulizi ya LRA yalikatiza kazi ya timu. Eneo ambalo timu haiingii linaonyesha sifuri kwenye karatasi, na sifuri hiyo haimaanishi kitu.

Kwa sababu hiyo watafiti wanaisubiri sana dawa nyingine, acoziborole. Inamezwa siku moja tu, vidonge vitatu kwa pamoja, imekwisha. Ilijaribiwa Kongo na Guinea kwa wagonjwa 208, na matokeo yalitangazwa mwaka wa 2022: kwa waliokuwa na ugonjwa ndani ya ubongo, ilifaulu kwa asilimia 95 hivi baada ya miezi 18. Jaribio lingine limechukua watu zaidi ya elfu moja ambao kipimo cha haraka kilionyesha wana alama za ugonjwa lakini mdudu hakuonekana kwa darubini, ili kujua kama ni salama kumpa mtu dawa bila kusubiri uhakika wote. Ikiwa ndiyo, timu inaweza kufika kijiji asubuhi, kupima, kutibu, na kupanda mtumbwi jioni.

Kwa leo njia ni kituo cha afya. Kama mtu wa kwenu ana homa zinazorudirudi ambazo dawa ya malaria haimalizi, ana tezi nyuma ya shingo, analala mchana na kukesha usiku, ao tabia yake imegeuka bila sababu, na amewahi kuishi ao kufanya kazi sehemu yenye mbung'o, muambie muuguzi mahali hapo kwa jina, na uombe kipimo cha trypano. Kama kituo hakina, hospitali kubwa ya zoni ya afya inajua namna ya kuita PNLTHA.